Aleluya Katika Kwaresima

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika mumewe, Aline aliimba Aleluya shambani. Tena Kwaresima, wakati hata mtoto wa kipaimara anajua kwamba neno hilo haliimbwi mpaka Pasaka.

Kijiji kizima cha Murungu kilishtuka. Makarius, mumewe, alikuwa amekufa ghafla, jana yake tu akilima. Mjane hakulia sana. Jumatatu zote mbili baada ya mazishi alipanda basi la Kasulu bila kusema anakwenda kwa nani. Wanawake waliopita karibu na kaburi wakienda kuteka maji walimsikia akimwambia marehemu kwa sauti ya chini, "Nenda polepole, nakuja." Walirudi mbio, madumu matupu. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Kisha akatangaza kuanua matanga Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, hata arobaini haijafika. Dukani kwa Mwanaamina, mjini Kibondo, alikataa kitambaa cheusi akachukua kitenge cha njano, cha kuwashonea watoto wote.

Ukoo ukaketi. Huyu amemroga ndugu yetu, walisema, aondoke, watoto wabaki. Kazi ya kumwambia akapewa Tharsisi, katekista, mdogo wa marehemu. Tharsisi alimpenda shemeji yake kama dada, na siku hizo alimwogopa.

Jumamosi asubuhi alimkuta uani akigeuza nyama ya mbuzi chunguni. Watoto watatu walikuwa wamevaa njano. Aline alikuwa amekonda, lakini uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi Tharsisi. Akayasema yote: nyama, njano, safari za Kasulu, na uamuzi wa ukoo.

Mwisho akauliza, "Shemeji, unafurahia nini?"

"Nafurahi kwamba Yesu hakubaki kaburini."

"Hayo tutayaimba Pasaka, sote."

"Ninyi mtayaimba."

Alifuta mikono, akamsogezea kigoda, akangoja mpaka Tharsisi akae.

"Daktari wa Kasulu amesema mimi sitaifikia Pasaka. Sitaki watoto hawa walie mara mbili, shemeji. Matanga tunayoanua leo ni ya baba yao na yangu."