Kengele ya Ng'ambo

Kengele ya chuo kikuu cha ng'ambo ya mto wa mpakani ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba yao. Kila siku, kwa mlio wake, mama yake Tunu aliepua maharage. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Tunu kuthibitisha nafasi katika kimoja kati ya vyuo viwili vilivyomkubali.

"Kile ni cha kwanza kwa ubora, mama. Chetu cha huku ni cha kumi na tisa."

"Na karo?"

"Sisi wa huku ni wageni. Tunalipa mara tatu."

"Mgeni! Wewe uliyeamshwa na kengele yao tangu unanyonya!" Kisha akasema polepole, "Shamba lipo, mwanangu. Tuuze."

Tunu aliitazama mikono ya mama, bado ina udongo wa shamba hilo. Akabonyeza kwenye simu jina la chuo cha kumi na tisa.

Ng'ambo, kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka kuepua maharage.