Zamu ya Adhuhuri

Mguu wa Ketut Lanus ulikuwa umenasa chini ya kifusi, ndani ya handaki la maji, na gogo la hekaluni, linalolia kama ngoma kutangaza zamu, lilikuwa karibu kupigwa.

Asubuhi maji ya kijito ni haki ya Rundah, mwenye shamba la juu. Gogo likipigwa adhuhuri, lango hufunguliwa, nayo hupita handakini humo kwenda kwa Ketut. Zamu isiyochukuliwa hupotea. Ndivyo walivyopatana mababu.

Msimu huu maji yalimfikia Ketut kiduchu, mpunga ukaanza kukauka. Basi akaingia peke yake, kinyume cha sheria ya chama cha maji, atafute tundu ambalo Rundah hulitumia kumwibia maji. Alimdanganya mkewe, Sasih, kwamba anakwenda sokoni kuuza bata, asije akamzuia.

Aliyemwona akiingia ni mmoja tu: Rundah mwenyewe, kajiegemeza langoni.

"Chunguza vizuri, bwana mkubwa," alimdhihaki. "Ukibaki humo, zamu yako naichukua mimi."

"Utakunywa matope kwanza," Ketut alimjibu.

Sasa alimwita mtu huyohuyo mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeitika. Rundah angefungua lango tu, wala asingekuwa amevunja sheria yoyote. Wangesema Ketut kajitakia.

Gogo likapigwa.

Maji yakaja kwa kishindo. Magotini, kiunoni, kifuani. Ketut aliogopa kufa, akalia. Kwa sauti iliyombakia alimlaani Rundah, na ukoo wake, na nguruwe wake.

Yalipomfika kidevuni yakaacha kupanda. Kisha, taratibu, yakaanza kushuka. Tope lilikuwa limelainika. Alivuta mguu, ukachomoka. Akauchomoa mundu wake kiunoni, akatambaa kurudi langoni. Aliyetaka kumuua angemwona leo.

Alipotoa kichwa nje alimkuta Rundah kajibana katika mwanya wa lango, mwili mzima ukizuia maji, mikono imeng'ang'ania nguzo, damu inamtiririka usoni.

"Yumo ndani," Rundah alikuwa akisema, pumzi zinamwishia. "Mama, nakuapia, mumeo yumo ndani."

"Mume wangu yuko sokoni, mwizi wewe," alisema Sasih, akainua tena jembe. "Toka kwenye maji yetu."