Upande Uliopinda

Binti alirudi kutoka chuo cha uhandisi na malengelenge viganjani. Wiki nzima yeye na wenzake walikuwa wakipiga tupa kipande cha chuma mpaka kinyooke pande zote.

"Pole, mwanangu. Hata sisi tulilia," mama yake akacheka, akamtolea kabatini kipande chake mwenyewe cha mwaka wa kwanza.

Binti akakipima dirishani kwa skwea, kile kipimo cha pembe. Mwanga ukapenya upande mmoja. "Mama, na wewe injinia mzima! Huku kumepinda."

"Huko alimalizia marehemu baba yako. Ndiyo kwanza tulikuwa tunajuana, hapo chuoni. Mikono yangu ilichubuka, naye akajitia fundi."

"Ngoja basi nikunyooshee," binti akasema, akitoa tupa mkobani.

Kabla tupa haijagusa chuma, mama alikuwa ameshamnyang'anya kipande, kidole gumba kikipapasa palipopinda.