Filamu ya Saba

Kila kipupwe kikiingia, banda la video lilionyesha filamu za kutisha kutwa nzima, saba mfululizo. Mbaruku alikuwa ameshaandika sita ubaoni kwa chaki. Zamda, mjane wa kaka yake, akanyanyua diski iliyobaki mezani.

"Hii mbona umeiacha?"

"Shemeji, marehemu aliitafsiri kizamani, kwa sauti yake juu ya picha. Anapiga soga katikati ya filamu. Nitaingiza sauti yangu upya, tuionyeshe mwakani."

"Juu ya sauti ya kaka yako?" Zamda alipandisha sauti. "Hata arobaini yake haijafika! Watu walijaa humu kwa ajili ya soga hizo hizo, na wewe ulikuwa mlangoni unakata tiketi huku unacheka mpaka machozi!"

Alivuta ncha ya kanga akaufuta ubao wote, vumbi la chaki likamrukia Mbaruku usoni.

"Kesho tunaanza na hii. Ikiisha, tunairudia. Mpaka jioni!"

Akaitia diski mashineni. Kwenye kioo cha televisheni, kifuniko cha jeneza kilisogea, mkono ukachomoza. Papo hapo sauti ya mumewe ikaja juu, inacheka kama alivyocheka siku alipoirekodi kule nyumbani:

"Zamda, bandika chai! Huyu maiti anakuja kwetu!"

Mbaruku aliinamisha kichwa. Zamda alisimama mbele ya benchi tupu, amekunja ngumi.

"Chai naibandika kila siku!" alifoka. "Mbona huji?"

Kwenye kioo, mkono uliendelea kupapasa ukingo wa jeneza, ukitafuta pa kushika.