Harufu ya Kanga

Nguruwe aliyezaa alfajiri alikufa kabla wanawe hawajanyonya, ikabidi wapelekwe kwa mwenzake wa banda la pili, aliyekuwa na maziwa. Nsia, mhudumu wa mabanda, aliwapaka maranda yenye mkojo wa yule mama mpya ili asiwaone wageni. Nguruwe huyo akawanusa mmoja mmoja, akatulia. Wakashika chuchu.

Alibaki mdogo wao. Huyo alizaliwa akitetemeka kwa baridi, na Nsia alikuwa amemfunga kifuani kwa kanga yake mpaka akapata joto. Alimpaka maranda mwili mzima, akarudia, akamweka chini.

Nguruwe alimnusa, akanguruma, akamtupa kwa pua hadi ukutani.

"Huyu ulimbeba na nini?" aliuliza Mzee Kileo, msimamizi.

"Kanga yangu."

"Hiyo ya harusi ya jana?"

Nsia aliivuta puani. Hata yeye aliyasikia marashi.

"Basi tena, binti yangu. Ukimrudisha, atamuua."

"Nikijaribu tena maziwa ya ng'ombe je?"

"Si umejaribu mwenyewe? Hamezi."

Mzee akaenda zake kwenye mabanda mengine. Nsia alivua kanga, akaitundika kwenye uzio wa chuma, akasogea mbali nayo kana kwamba imemuunguza. Yule mdogo akajikokota sakafuni, akaipita taa ya joto, akafika kwenye pindo lililoning'inia. Akazamisha pua ndani ya kitambaa, akaanza kunyonya.