Maneno ya Mgongoni

Siku hizi mabango hayapo tena barabarani, yamo nguoni. Nguo inausikiliza mwili ulioivaa, ikishajua unahitaji nini inaandika tangazo mgongoni, na ukiivua maandishi yanafutika. Ndiyo maana kila asubuhi Mzee Shekue na mkewe, Bi Mwanahamisi, husomeana migongo. Ikiwa dawa ya magoti, wanacheka. Ikiwa meno ya bandia, wanacheka mpaka chai inapoa.

Leo kanga ya Bi Mwanahamisi iliandika: "Sanda safi. Agiza mapema."

Mzee akakohoa.

"Mbona kimya, Baba Rukia? Wananiuzia nini?"

"Leo hawauzi kitu. Wameandika, Nani kama wewe."

"Ewaa!" Bi Mwanahamisi aliendelea kusukuma chapati, unga umemjaa mpaka viwikoni. "Si ndiyo maneno niliyokusomea Jumatatu kwenye shati lako?"

Mzee Shekue akaikumbuka Jumatatu: jinsi alivyojivuna, na jinsi mkewe alivyomkumbatia kwa nyuma, asimwachie upesi.

"Ndiyo hayo hayo," alisema, akamkumbatia kwa nyuma.

"Chapati inaungua," alisema mkewe, lakini hakujitoa.