Jina la Mama Ng'walu

Majaribio mia mbili yalikuwa yamepita, yote yakiwaka kijani kwenye kompyuta, na macho ya Milembe yalikuwa yakimwasha kwa uchovu. Programu ya kusajili wagonjwa ilitakiwa ikabidhiwe hospitali ya mji saa nane mchana. Kazi yake ilikuwa kuilisha fomu za kubuni na kuona kama itazikataa zenye makosa: umri wa miaka mia tatu, jina lenye tarakimu, namba ya simu isiyotimia.

La mwisho, aliandika jina la mama yake: Ng'walu.

Jaribio likawa jekundu. Programu ikajibu: "Jina si sahihi."

Bwana Kisoki, mkuu wake, akainama kutazama. "Toa hicho kialama cha juu baada ya Ng, dada. Andika Ngwalu, tukabidhi."

"Ngwalu ndiye nani, bosi?"

"Si mama yako?"

"Mama yangu ni Ng'walu. Kesho ana kliniki ya presha hospitali hiyohiyo. Akiambiwa jina lake si sahihi, namjua, atarudi nyumbani bila dawa."

"Tukirekebisha, tunaanza majaribio yote upya. Lifute hilo moja."

"Na ng'ombe utamwandikaje, bosi?"

"Ng'ombe haugui presha."

Milembe alicheka bila kutaka. Ilikuwa saa nane kasorobo. Kidole chake kilitua juu ya kitufe cha kufuta, kikatulia hapo. Mbele yake, kwenye mstari mmoja mwekundu, ile alama ndogo ilikuwa imening'inia.